Maswali ya wasomaji: Pikapu ya kazi ngumu, kabla hujatoa arubuni

Barua nyingi mwezi huu zimeulizia pikapu. Zilizofanana tumezijibu pamoja. Zilizouliza bei tumeziweka kando, kwa sababu bei ya Jumatatu huenda isifike Ijumaa.

Nina kampuni ndogo ya ujenzi. Husomba simiti, mchanga na nondo kutoka Likoni hadi Diani, na mara mojamoja Kinango ambako njia ni mawe na vumbi. Mmoja aniambia Hilux, wa pili Isuzu D-Max, wa tatu asema bila Land Cruiser nimetupa pesa. Nichukue ipi? (Msomaji, Likoni)

Bwana, wote watatu wamekutajia majina na hakuna aliyekuuliza kilo. Anza na kilo. Kila pikapu ina namba mbili za kuzijua: uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa gari likiwa na kila kitu ndani, ambao huandikwa GVM, na uzito wa gari tupu, ile TARE unayoiona imepigwa rangi ubavuni. GVM mara nyingine imo kwenye kibati kilichopigwa nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Kama haimo, dai karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, maana neno la muuzaji halipimiki. Toa uzito wa gari tupu katika GVM, kinachobaki ndicho ulichoruhusiwa kupakia.

Wengi hupotelea hapo, kwani kilichobaki si cha simiti peke yake. Dereva na makuli wawili ni kama kilo 240. Bamba la chuma la mbele ni kilo 60 hivi. Pikapu ya "tani moja" sasa imebakiwa na kilo 700, nazo ni mifuko 14 ya kilo 50. Ukipakia 20 kama ulivyozoea, umezidisha kilo 300 kabla hujaweka koleo.

Mchanga ni mbaya zaidi kwa sababu haujionyeshi. Kitanda cha pikapu ya kebini moja kina urefu wa mita 2.3 hivi, upana mita 1.5, kina sentimita 45. Kijaze mpaka ukingoni, ni mita 1.55 za ujazo. Mchanga mkavu una kama kilo 1,600 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo umebeba karibu tani mbili na nusu. Tani moja kamili katika kitanda hicho ni kina cha sentimita 18 tu, pungufu ya shibiri. Mchanga ulionyeshewa mvua, punguza tena.

Sasa turudi kwenye majina. Ikiwa safari zako tisa katika kumi ni Likoni na Diani juu ya lami, na mzigo uko chini ya tani, pikapu ya kebini moja inayosukumwa na magurudumu ya nyuma yatosha, iwe Hilux au Isuzu. Kwa Isuzu, herufi za mwanzo za msimbo wa modeli hukwambia: TFR ni ya kusukuma nyuma, TFS ni ya magurudumu manne. Mfumo wa magurudumu manne una uzito wake, nao hutolewa katika nafasi ya mzigo wako, kwa hiyo usiununue kwa ajili ya safari nne za Kinango kwa mwaka. Ukienda Kinango kila wiki, masika yakiwamo, hapo tutakubaliana na TFS au Hilux ya magurudumu manne yenye kufuli la difu ya nyuma, linalolazimisha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja.

Land Cruiser 79 inastahili heshima yake, ila inasifiwa kwa jambo lisilo lake. Watu hudhani hubeba tani tatu. Haibebi, nafasi yake ya mzigo haiko mbali na ya hizo nyingine. Unacholipia ni ekseli nzima mbele na nyuma, chesisi nene, na kwa zile zenye injini ya 1HZ, silinda sita za sentimita 4,164 za ujazo, bila taabo (turbo), zenye pampu ya dizeli ya kimakanika ambayo fundi wa Kinango aweza kuifungua. Inavumilia njia mbovu miaka mingi. Haina mbio, na inakunywa. Mkanda wake wa taimingi ni wa mpira. Kwenye vumbi ubadilishe kila kilomita 100,000 wala usingoje ukatike, kwani ukikatika valvu hugonga pistoni.

Na kama ukweli wenyewe ni kwamba kila siku unataka kubeba tani moja na nusu au mbili, achana na pikapu. Chukua lori dogo aina ya Isuzu NKR au Mitsubishi Canter lenye tairi pacha nyuma. Angalia leseni ya dereva pia: daraja B huishia GVM ya kilo 3,500, juu ya hapo ni C1.

Nataka kebini mbili ili nipakie watu wa kazi na mzigo pamoja. Wenzangu wasema huvunjika mgongo. Kweli? (Mwenye duka la vifaa, Mtwapa)

Kweli, na sababu yake yaonekana ukiitazama pikapu ubavuni. Kitanda cha kebini mbili kina urefu wa mita 1.5 hivi, na sehemu kubwa yake iko nyuma ya ekseli. Kila kilo unayoiweka nyuma ya ekseli huikandamiza ekseli ya nyuma kwa zaidi ya kilo, na kuinyanyua ya mbele. Weka kilo 200 mita 1.2 nyuma ya ekseli, kwenye gari ambalo ekseli mbili zimeachana mita 3.1: ekseli ya nyuma inabeba kilo 277, na mbele pamepungua 77. Gari likiruka tuta, kilo hizo huzidi mara kadhaa kwa mshtuko, na chesisi hujipinda pale pale nyuma ya kebini. Dalili ya kwanza ni mwanya kati ya kebini na kitanda: juu unapanuka, chini unafinyana. Ya pili, milango ya nyuma huanza kukataa kufunga vizuri.

Nondo, mabomba na mbao zinazochomoza nyuma ndizo zinazoua kebini mbili. Vitu vizito (simiti, misumari, rangi) visukume hadi ukuta wa kebini, vyepesi viwe nyuma. Mbao ndefu weka juu ya keria iliyofungwa mbele na nyuma, ukijua kwamba keria nayo ina kikomo chake. Ukivuka feri ya Likoni maji yakiwa yamekupwa, daraja la kushukia huwa mwinuko mkali na nyuma iliyochomoza hukwaruza, basi pima kabla hujafika mbele ya foleni.

Kama watu wako ni wawili tu, kuna kebini moja na nusu. Si nzuri kwa mtu mzima kukaa nyuma hadi Malindi, lakini kitanda chake ni kirefu na ekseli iko mahali pake.

Fundi asema aniongezee majani mawili ya springi nyuma, gari libebe tani moja na nusu. Nimruhusu? (Msomaji, Changamwe)

Majani hayaongezi tani. Yanazuia gari lisiiname, basi. Ekseli ni ile ile, bearingi ni zile zile, breki ni zile zile, na chesisi sasa inapokea mshtuko uliokuwa ukimezwa na springi laini.

Kuna hatari nyingine ambayo mafundi wengi hawaitaji. Chungulia chini, karibu na difu. Kwenye Hilux nyingi, D-Max na Land Cruiser utaona kijiti cha chuma kimetoka kwenye ekseli kikapanda hadi kwenye valvu ya breki iliyoshikwa na chesisi. Valvu hiyo hupima mzigo: gari likiinama, hujua limepakiwa, hupeleka nguvu zaidi ya breki nyuma. Gari likiwa juu, hujua ni tupu, hupunguza nguvu ili magurudumu ya nyuma yasifunge yakateleza. Ukiongeza majani, nyuma inanyanyuka na valvu inadanganyika. Gari lina tani, breki za nyuma zadhani halina kitu. Mteremko wa kushuka Kwa Jomvu si mahali pa kuligundua hilo.

Ikiwa springi zako zimechoka kweli, badilisha seti nzima kwa za kazi nzito zinazolingana na gari lako, kisha kijiti cha valvu kirekebishwe kwa kipimo cha kitabu cha mtengenezaji. Jani moja la kuongezea kwa gari ambalo daima lina bodi zito, twakubali, kwa sharti hilo hilo la valvu.

Naagiza pikapu mpya kwa mara ya kwanza, ya kampuni. Muuzaji amenipa profoma ya mistari minne na anataka arubuni. Niangalie nini? (Mama mfanyabiashara, Kongowea)

Mama, mistari minne ni michache. Profoma, yaani ankara ya awali, ndiyo mkataba wako, na lolote lisiloandikwa humo halimo. Irudishe, umwambie aongeze haya.

Msimbo kamili wa modeli, usikubali "Hilux nyeupe". Kwa Land Cruiser, kwa mfano, msimbo huanza na injini, HZJ79 ikiwa ni 1HZ. Toyota sasa huifunga pia injini ya 2.8 ya taabo kwenye gari hilo, na mtu asiyetazama msimbo aweza kuletewa moja akidhani ameagiza nyingine. Gia za mkono au otomatiki. Kufuli la difu lipo au halipo. Saizi ya tairi na namba yake ya mzigo. GVM na uzito tupu, kwa kilo.

Mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Pikapu mpya yaweza kuwa imekaa yadi juani muda mrefu. Haina ubaya wa moja kwa moja, ila tairi na betri zinazeeka, na bei lazima iseme hivyo.

Bei ni kwa shilingi au kwa dola, na ni halali hadi tarehe gani. Arubuni ni kiasi gani, na itarejeshwa kwa hali ipi: gari likichelewa zaidi ya siku ngapi unaweza kuvunja? Hapa ndipo ugomvi mwingi hutokea. Wauzaji wengine huandika "wiki 8 hadi 12" bila kusema zinahesabiwa tangu lini, nawe unadhani ni tangu siku ya arubuni, wao wanahesabu tangu benki imalize malipo. Mwambie aandike tarehe.

Nani analipia usajili wa NTSA, mamlaka ya usafiri, na namba za gari. Dhamana ni ya kilomita ngapi na miaka mingapi, sevisi ya kwanza iko wapi hapa Mombasa, na je, bamba la mbele au springi ukizifunga nje ya kwao, dhamana inabaki? Waulize kwa maandishi. Wengi hukubali vitu vya nje ila hukataa kudhamini sehemu iliyoguswa, na hilo ni haki yao.

Kama utatengenezesha bodi yako mwenyewe, uliza bei ya kebini na chesisi tupu, usilipie kitanda utakachokiuza chakavu. Na bodi lenyewe lipige hesabu kabla ya kuchomelewa. Sakafu ya mita 2.4 kwa 1.8 ya bati la milimita 3 ina kilo 102. Kila milimita moja ya unene ni kilo 34 ambazo hutazibeba tena kama mzigo. Milimita 2 juu ya mihimili iliyo karibukaribu inatosha kwa mifuko na makreti. Bodi lishikwe na chesisi kwa boliti za U na mabano kwenye matundu ya kiwandani, katikati kukiwa na ubao au mpira. Mtu asichomelee kitu kwenye chesisi, wala asitoboe ukingo wake wa juu au wa chini, maana ufa huanzia hapo. Na fundi akichomelea mahali popote kwenye gari, betri iwe imekatwa, vinginevyo kompyuta ya injini itakulipisha.

Siku ya kupokea, nenda mchana, usiende magharibi. Linganisha nambari ya chesisi ya kwenye karatasi, ya kwenye kibati na iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi. Ingiza magurudumu manne na gia za chini, jaribu kufuli la difu kwenye mchanga laini (si kwenye lami, utaumiza difu). Tafuta stepni, jeki, spana na ufunguo wa pili. Usipouona ufunguo wa pili siku hiyo, usitie saini.

Bima, neno moja. Ya biashara iko ya namna mbili: ya kubeba mali yako mwenyewe, na ya kubeba mali ya watu kwa malipo. Ya pili ni ghali zaidi. Ukinunua ya kwanza kisha ukamsombea jirani viazi kwa pesa, ajali ikitokea una gari lisilo na bima.

Je, ni nafuu kuagiza iliyotumika kutoka nje na kuitoa mwenyewe bandarini? (Wasomaji watatu: Jomvu, Bamburi, Kisauni)

Mara nyingine. Kwanza sheria ya umri: Kenya, kwa kiwango cha KS 1515, hairuhusu gari lililotumika la zaidi ya miaka 8 tangu usajili wa kwanza. Kwa gari linalofika mwaka 2026, usajili uwe kuanzia Januari 2019. Meli ikichelewa ikatia nanga Januari badala ya Desemba, gari la mwisho wa kikomo limekwisha kazi, basi usinunue la mwaka wa mpakani mwezi wa Oktoba. Liwe la usukani wa kulia, na likaguliwe kule kule kabla ya kupakiwa, upewe cheti.

Pili, litoke wapi? Watu hukimbilia Japani kwa mazoea ya Probox na Vitz. Wajapani wenyewe hawana pikapu nyingi: Hilux iliondoka katika soko lao mwaka 2004 ikarudi 2017, nayo ni kebini mbili yenye chujio la moshi na dawa ya kusafishia moshi. Chujio la namna hiyo hutaka dizeli yenye salfa kidogo kabisa. Likiziba, gari hupoteza nguvu na ukarabati wake si wa fundi wa kando ya njia. Pikapu za usukani wa kulia ni nyingi Thailand, Afrika Kusini na Uingereza. Za Uingereza ni safi kwa macho, lakini barabara zao humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Dai picha za chini ya gari, hasa mahali springi ya nyuma inaposhika chesisi. Land Cruiser 79 za Australia nyingi zina injini ya V8. Ni tamu, lakini spea zake hapa si kama za 1HZ.

Dubai iangalie kwa jicho kali. Magari ya huko ni ya usukani wa kushoto, na yako yaliyogeuzwa. Kwa Toyota, herufi inayofuata baada ya namba ya modeli ndiyo siri: HZJ79L ilizaliwa kushoto, HZJ79R kulia. Dashibodi yaweza kubadilishwa kwa siku tatu. Kibati husema ukweli.

Ushuru haukokotolewi kwa risiti yako. KRA, mamlaka ya kodi, ina orodha ya bei za rejareja, huondoa uchakavu kwa umri, na hata uwe umepata gari kwa bei ya kutupa, hesabu huanzia hapo. Ushuru wa forodha hutozwa juu ya thamani hiyo. Ushuru wa bidhaa hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru wa forodha. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya vyote vitatu. Juu ya hayo kuna ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli, zote juu ya thamani ya forodha. Kwa kuwa kodi zinapandiana, kosa dogo la mwanzo linavimba mwishoni. Mwambie wakala akuandikie hesabu yote kabla hujatuma pesa nje, akionyesha msimbo wa forodha alioutumia. Pikapu ya dizeli ya mzigo yenye GVM isiyozidi tani 5 iko 8704.21. Ukiona 8703, amekuhesabia gari la abiria.

Karatasi ziwe mkononi kabla meli haijafika: hati ya shehena, ankara, cheti cha kufutiwa usajili kule lilikotoka, cheti cha ukaguzi, na bima ya baharini ya kampuni ya Kenya. Hati ya shehena ikichelewa, gari litakaa yadi ya CFS (yadi ya shehena nje ya bandari), na baada ya siku za bure yadi hutoza kila siku, Jumapili nayo. Faida yote ya kuagiza mwenyewe yaweza kuishia pale.

Nimeona Ford F-250 Dubai, jitu la kweli. Nailetaje Mombasa? (Kijana, Nyali)

Huileti. Hutengenezwa usukani wa kushoto, na hilo latosha kumaliza mjadala. Na hata lingekuwa la kulia, upana wake bila vioo ni mita 2.03, na injini yake ya dizeli inataka mafuta yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, wakati kiwango cha Afrika Mashariki kilichowekwa 2015 kilikuwa 50.

Hilux 3.0 D-4D ya 2012, iliyotumika hapa hapa, inauzwa vizuri. Ina ugonjwa? (Msomaji, Mikindani)

Inao mmoja wa kujulikana. Chini ya kila injekta kuna wasa ya shaba inayoziba moto usipande. Ikichoka, masizi ya mwako hupita na kuingia kwenye oili, oili inakuwa zito kama lami, na chujio la mdomo wa pampu lililomo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) linaziba. Injini hukosa oili, hukwama. Lisikilize gari asubuhi likiwa baridi: likigonga "ka-ka-ka" dakika za kwanza kisha likanyamaza, shuku injekta. Taa ya oili ikipepesa gari likiwa moto na limesimama, usinunue kabla sampu haijashushwa na chujio kuonekana kwa macho. Kuishusha ni kazi ya nusu siku. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

Nasomba maji kwa tangi la lita 1,000 juu ya pikapu ya tani moja. Breki huisha upesi. Kwa nini? (Msomaji, Kisauni)

Lita 1,000 ni kilo 1,000. Ongeza tangi, pampu, mipira na watu wawili, uko juu ya kikomo kila safari. Na ukiuza nusu njiani hali haiwi nzuri kwa kiasi unachofikiri, maana maji ya nusu tangi hukimbilia mbele ukifunga breki na kukusukuma. Tumia tangi la lita 700 hivi lenye vizuizi ndani, lisukumwe hadi ukuta wa kebini, na ufunge mikanda minne kwenye chesisi. Kuta za kitanda si za kufungia tangi.

Pikapu yangu hubeba samaki na barafu, tena hukokota boti hadi majini Mtwapa. Kutu inaimaliza. Kuna dawa? (Mvuvi, Mji wa Kale)

Kutu huanza ndani ya chesisi ambako huoni. Maji ya barafu ya samaki yana chumvi. Hushuka kwa matundu ya kitanda, huingia kwenye mihimili, hukaa. Kwa hiyo samaki wakae kwenye sanduku la faiba lenye bomba moja la kutolea maji linaloteremka nyuma kabisa, mbali na chesisi na mabomba ya breki. Matundu ya chini ya chesisi yazibuliwe kwa waya kila mwezi.

Kila jioni osha chini kwa maji matamu, bila presha kubwa kwenye bearingi na nyaya. Kisha, mara mbili kwa mwaka, gari likiwa kavu kabisa, puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya mihimili kwa mrija mrefu. Oili chafu ya injini, ambayo gereji nyingi hapa hupulizia, haifai. Inakusanya vumbi la chumvi, na inavimbisha mipira ya springi na ya stabilaiza. Rangi nene nyeusi juu ya kutu ni mbaya zaidi, kwani inaifunika ikila kwa raha.

Kuhusu boti: ukifika ufukweni usirudi nyuma moja kwa moja majini. Habu na difu ziko moto, zikiingia maji baridi hewa ya ndani husinyaa na kufyonza maji ya chumvi kupita sili. Ngoja nusu saa. Mrija wa kupumulia wa difu uinue hadi juu ya chesisi.

Trela isiyo na breki zake isizidi kilo 750. Yenye breki, tumia namba ya uzito wa gari na trela pamoja, usitumie ile ya tangazo. Tangazo laweza kusema 3,500, lakini ikiwa jumla inayoruhusiwa ni 5,800 na pikapu yako imepakiwa hadi 3,000, trela yako ni 2,800. Sehemu ya kumi ya uzito wa trela ikae juu ya mpira wa chuma wa kukokotea, na uzito huo hesabu kama mzigo wa pikapu, tena ulio nyuma ya ekseli. Ukiwa unaelekea Diani na boti, pitia Dongo Kundu, uiache feri.

Tairi gani? (Kadi ya posta, bila jina)

Zenye herufi C au LT, usichukue za saluni hata zikiingia kwenye rimu. Soma namba ya mzigo ubavuni: 104 ni kilo 900 kwa tairi moja, 108 ni 1,000, 112 ni 1,120. Mbili za nyuma, zikijumlishwa, zizidi uzito ulioandikwa kwa ekseli ya nyuma. Tarehe iko kwenye tarakimu nne za mwisho baada ya DOT, kwa mfano 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Upepo wa gari tupu na wa gari lililopakiwa ni tofauti, na vyote viwili viko kwenye kibandiko cha mlango. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi, kabla ya kupakia.